Goli la Kwanza Nakivubo

Jumamosi, jioni. Mvua ya asubuhi ilikatika mapema, na sasa kambi yetu ya polisi inanukia udongo mbichi na moshi wa mkaa. Ninaandika upesi upesi. Ni furaha, ingawa hofu nayo ilipita.

Leo nimeingia uwanja wa mpira wa Nakivubo!

Jumanne ninatakiwa posta kujaribiwa sauti, kwa kazi ya kuunganisha simu. Nimemaliza shule, na kazi hii naitaka kuliko kitu chochote. Lakini jana Baba alisema haniruhusu kwenda kujiaibisha.

"Apolot, jirani akipiga hodi unamnong'oneza. Mtu aliye Jinja atakusikia vipi kwenye simu?"

Nilimjibu kwa kunong'ona. Mnong'ono huo ukawa ushahidi wake.

Leo Baba alikuwa na zamu kwenye lango la uwanja, na Mama akamsihi anichukue, angalau nione watu. Tukateremka kwa miguu kutoka kambini Nsambya, tukavuka reli. Sikujua mji wetu una sehemu yenye uhai namna ile! Upande wa soko la Owino fundi redio alikuwa amefungulia muziki wa Zaire, na wapagazi walipita wakicheza, magunia ya viazi mabegani. Mama mmoja aliyekuwa akichoma gonja, zile ndizi tamu, alinipa kipande cha moto kwenye gazeti, akaniita nyabo, yaani bibi, kama mtu mzima.

"Kula, nyabo. Sukari haiko madukani, yote imehamia humu!"

Baba alicheka. Sijawahi kumwona akicheka njiani akiwa na sare.

Langoni uso wake ukabadilika. Akaniinamia sikioni. "Timu ya wanajeshi ikifungwa, usiwe wa kwanza kushangilia. Ngoja wengine; siku hizi nchi ni ya wanajeshi."

Nilikaribia kucheka. Mimi, niwe wa kwanza?

Nilikaa nyuma ya goli la timu ya wanajeshi. Majani yalikuwa yameoshwa na mvua, ya kijani hadi macho yanauma, na watu walijaa mpaka juu ya kuta. Safu ya mbele yangu ilikuwa ya wanajeshi watupu. Timu ya mjini ilikuwa na winga mmoja mwembamba, kaptura inampwaya, na kila alipogusa mpira nilisahau kupumua. Kipindi cha pili akampita beki, akampita mwingine, akapiga. Wavu ukatikisika.

Kisha kimya. Uwanja mzima uliwatazama wanajeshi kwanza.

Ndani ya kimya kile nikasikia msichana akipiga kelele, "Gooooli!" Sauti nyembamba, ndefu, kama imepagawa.

Nilikuwa mimi.

Mwanajeshi wa mbele yangu akageuka. "Nani hiyo?" Mikono yangu bado ilikuwa juu, nikashindwa kuishusha. Alinitazama, nikamfikiria Baba pale langoni, na sare yake, na nyumba yetu ya kambini.

Halafu akampiga mwenzake paja. "Hii mtoto iko na sauti kushinda filimbi ya refa! Wacha ilie. Golikipa yetu ndiyo imelala!"

Wenzake wakacheka. Hapo ndipo uwanja ulipolipuka, nami nikapiga kelele pamoja nao mpaka mpira ukaisha. Sijui hata nilisema nini. Najua tu kwamba sikutaka kuacha.

Wakati wa kurudi Baba alitangulia kwa hatua ndefu mpaka relini. Nilitembea nyuma yake.

"Nilikuambia usiwe wa kwanza."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa nje ya lango, lori linapita, na bado nikajua ni wewe." Akatembea kidogo, akavua kofia, akaivaa tena. "Usinitie hofu vile tena, mwanangu." Kisha, bila kugeuka, "Jumanne nitakupeleka posta mwenyewe. Lakini huko usilie goli."

Nilitaka kusema asante. Nikafungua mdomo, ukatoka upepo mtupu.

Sauti imekwisha! Mama, anayeficha chumvi kama dhahabu, ametia kijiko kizima kwenye maji ya moto nisukutue. Huku nyuma Baba anacheka peke yake.

Miaka yote nimenyamaza kwa sababu ya aibu. Kesho na keshokutwa nitanyamaza kwa sababu ninataka kusikika. Ee sauti yangu, sasa nimejua ulipokuwa umejificha. Utarudi kabla ya Jumanne?