Mama Mkwe na Mashine ya Kufulia

Jumanne

Ni yeye tu, nilishajua. Tangu mama mkwe aje kutoka Mwaya, mashine ya kufulia haitoi maji wala haikamui. Inanguruma tu, nguo zinaelea. Na kila alfajiri anafua zake humo peke yake, amejifungia bafuni na mashine. Nikimwambia, "Mama, niachie mimi," anajibu, "Sijazeeka hivyo." Nilihisi anaiharibu makusudi, mwanawe anione mvivu.

Leo alipokwenda sokoni nikaichunguza. Mpira wa kutolea maji haukujikunja wala kuziba. Nikatandika matambara, nikafungua chujio pale chini, kwa mbele. Maji yakamwagika, halafu nikavuta vipande vya bandeji vilivyosokotana na nyuzi. Nikafurahi kama aliyekamata mwizi.

Aliporudi nikamwonyesha. "Mama, hizi ni za nani?"

Hakubisha. Aliketi, akapandisha kitenge. Juu ya kifundo cha mguu ana kidonda kipana, kinanuka.

"Nakificha tangu tulipopanda mpunga," alisema. "Naogopa watanikata mguu. Usimwambie mwanangu."

Nimekiosha, nimekifunga kitambaa safi. "Ndaga, mwanangu," akanishukuru, bila kunitazama.

Mashine inakamua sasa, inazunguka vizuri kabisa. Sikuwa na hamu hata ya kuitazama.

Mume wangu nimemwambia. Kesho tunampeleka mama hospitali, na yeye bado hajui. Akiamka atajua ni mimi niliyesema.