Kwa Tata Ilunga, Aliyeendesha kwa Masikio

Tata Ilunga,

Mama Astrid, mke wako, anakusalimu. Barua hii naiandika mwenyewe kwenye telefone, herufi kwa herufi, na ile sauti yake ya Kifaransa inanisomea Kiswahili chetu kama mzungu aliyeshuka leo kwenye ndege. Ungecheka. Lakini nataka habari hizi zikufikie kutoka kwangu, maana umeondoka bila kuzijua.

Mashindano yalifanyika. Yale ya mbio za magari, ya sisi vipofu, tuliyoyapanga wewe na mimi katika salle, ule ukumbi wa parokia. Yalifanyika, na yalikuwa mazuri.

Acha nianze mbali kidogo, kwa sababu napenda kukumbuka. Mimi surua ilinichukua macho nikiwa bado nabebwa mgongoni. Wewe ulikuwa shofere wa camion, yale malori makubwa, kati ya Kolwezi na Dilolo, miaka mingi, na katika parcelle yetu, kiwanja kimoja hapa Kasulo mjini Kolwezi, ulikuwa unanisalimu tu ukipita. "Yambo, Solange," basi, umeingia kwako. Halafu ugonjwa wa sukari ukakuharibu macho. Ulipotoka hospitali ulijifungia chumbani. Ulikataa wageni, ulikataa chakula, ulikataa hata sindano. Mama Astrid alikuja mlangoni kwangu akasema, "Solange, bwana yangu anakufa na huzuni. We unajua namna ya kuishi vile. Kuya umusemeshe."

Nilikuja, ukanifukuza. "Mi hapana kipofu kama we," ulisema. "Mi niko mugonjwa tu. Nitapona."

Sikubishana. Niliketi kwenye kiti karibu na mlango, nikatoa telefone. Nilikuwa na michezo mingi ndani: domino inayokutajia kila jiwe, penalti ambayo unasikia mpira unakuja upande gani, vita vya panga ambavyo adui unamjua kwa nyayo zake. Siku hiyo nilifungua magari, na sauti nikaiacha wazi. Moteri ikanguruma chumba kizima. Kona ikaja, nikaingia kwa kasi kama kawaida yangu, nikagonga ukuta. Nikaanza tena, nikagonga tena. Nikasikia kitanda chako kinalia.

"Unaingia na mwendo mingi," ulisema. "Punguza mbele ya kona. Ndani ya kona usikanyage frein, utapinduka."

Nilifanya hivyo, nikapita. Ukauliza, "Na ile kelele ya kushoto ni nini?" Nikakueleza kwamba ni changarawe za ukingoni. Zikilia katika sikio la kushoto, unavuta gari kuume.

"Leta hapa," ukasema.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, Tata. Mimi nilikufundisha telefone, wewe ukanifundisha kuendesha. Ulivaa écouteurs zangu masikioni ukalalamika asubuhi nzima. "Banani balitengeneza hii njia? Haina hata shimo moja." Kila kona uliipa mahali pake: hii inafanana na ile ya kabla ya Mutshatsha, ile nyingine ni mteremko ambao camion zililala wakati wa mvua, matope mpaka mlangoni. Ulianza kula. Sindano ukazikubali, ukasema shofere hapandi garini mwili ukiwa haujakaa sawa. Kisha ukatoka nje. Nakumbuka ulivyosimama kando ya barabara, ukasikiliza pikipiki upande huu na camion upande ule, ukavuka hadi butiki ya mikate. Mama Astrid alikufuata kimya. Hukugeuka. Ulimwambia tu, "Mama, rudi. Mi nasikia biatu yako."

Halafu kidonda cha mguu. Hospitalini uliniuliza habari za salle ya mashindano, nani ameomba viti, telefone zitatiwa moto wa umeme wapi. Asubuhi moja Mama Astrid alirudi bila wewe. Hapo sitaandika zaidi. Siwezi.

Kwenye kilio alikuja mdogo wako Pascal kutoka Dilolo, shofere kama wewe. Alisema mbele ya watu wote: "Yaya, kaka yangu, alikufa akili imeharibika. Mi namwita kwa telefone, ananijibu, 'Ngoja, mi niko njiani.' Mutu kipofu, amelala mu nyumba, iko njiani ya wapi? Ni hii michezo ilimuharibu." Akasema atamhamisha Mama Astrid aende naye Dilolo, na nyumba wapewe wachimbaji wa madini waliokuwa wanautamani udongo wa chini yake. Mimi nilikuwa na maneno mengi, lakini kilio si mahali pa kugombana.

Watu walipotawanyika nilimwendea. Nikamwambia, "Tata Pascal, Jumapili kuya salle ya parokia usikilize mashindano yetu. Kisha uamue." Alisema hana muda wa michezo ya batoto.

Alikuja. Nilimjua kwa kikohozi, amesimama mlangoni. Tulikuwa tumejaa, na tulipiga kelele kweli kweli. Kijana mmoja aliyepoteza macho machimboni alikuwa ananifukuza karibu sana, nikamshinda kwa kona ile ya mwisho. Ndipo nikamwita Pascal aketi, afumbe macho, avae écouteurs. Akagonga ukuta mara moja, watu wakacheka. Nikampa maneno yako: punguza mbele ya kona. Akapita. Akaendelea, na mwili wake ukaanza kulala kushoto na kuume juu ya kiti, nilisikia kiti kinavyolia.

Mama Astrid akamsogelea na maji. "Shemeji, kunywa."

"Ngoja," akajibu, "mi niko njiani."

Vidole vyake vikaacha telefone. Gari lake likaenda kugonga, tukalisikia mpaka nje ya écouteurs. Akavua écouteurs, akasema polepole, "Basi hakuwa na wazimu. Alikuwa anaendesha." Akalia, Tata. Nami nilimwacha alie, sikumgusa.

Alirudi Dilolo peke yake. Mama Astrid yuko nyumbani kwake, na wachimbaji waliporudi kuuliza aliwaambia wapitie kwingine. Chumba chako kila Jumapili mchana kinajaa watu wetu, na yeye anatupikia huku akitukemea kwa kelele. Mimi wananiita mwalimu. Mwanzoni niliona aibu. Sasa naitika.

Juzi Pascal alinipigia. Kuna mama mmoja Dilolo, alikuwa mfanyabiashara wa mpakani, macho yamemwishia na amejifungia ndani. Pascal akasema, "Kuya, Solange." Nimekubali. Kiangazi kikifika nitapanda camion yake.

Pumzika, Tata. Huku kazi inakwenda. Nakuahidi kwamba nitaketi mbele, dirisha wazi, na nitamwomba Pascal anitajie kila mahali tunapopita. Na huyo mama, akinifukuza, nitaketi karibu na mlango wake mpaka aniulize kitu.

Wako,
Solange