Mguu Uliobaki

Zagayu, Itilima,
Simiyu.
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Bujiku,

Mwangaluka, maana nakuandikia asubuhi mama akiwa bado amelala. Natumaini wewe, wifi Jenifer na watoto hamjambo huko Katavi, na ng'ombe wanapata majani. Sisi tunapumua. Pamba tumeuza, mtama umekauka. Nimeamua kuandika barua kwa sababu simu zangu hupokei tangu siku ile niliyokutukana. Matusi yale sijayafuta.

Mama ametoka hospitali. Amekatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Baba mdogo Mayala anasema alikutumia ujumbe ukajibu "pole". Pole!

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana huko najua unajisimulia yako. Kile kidonda cha kuchomwa na kisiki cha pamba, ambacho kisukari kilikizuia kupona miaka yote ile, kilikuwa kimeanza kufunga. Daktari Wilhelmina wa pale Bariadi alimtoa mama damu kidogo mkononi, akaizungusha kwenye mashine mpaka nyekundu ikazama na maji ya njano yakabaki juu. Alituambia kwamba ndani ya yale ya njano ndimo ilimo nguvu ya mwili ya kuziba majeraha. Akayaweka kwenye kidonda, akafunga bendeji. Damu yake mwenyewe, kaka, haikwenda kwa mtu. Tuliporudi kwake kufungua bendeji, nyama mpya ilikuwa imeanza kujaa na harufu imeisha. Mama alianza tena kukaa na wanawake wenzake bila kufunika mguu kwa khanga.

Ndipo, kabla hajatolewa damu mara ya pili, baba mdogo akakupigia, kwa kuwa kwetu jambo la damu ya mama halipiti bila neno la mtoto wa kwanza wa kiume. Simu ikawekwa spika, ukoo mzima ukasikiliza. Ukasema, "Damu ya mayu isichezewe kwenye mashine. Hao wanabaki nayo." Wewe ambaye hujawahi kumfungua bendeji hata siku moja!

Mama akakataa kurudi kwa daktari. Halafu ukatuma kwa basi ile chupa ya dawa ya bluu ya kupulizia vidonda vya ng'ombe, eti ilimponya dume lako. Mama akapuliza kila siku kwa heshima yako. Juu pakakauka, pakafanya gamba zuri, watu wakakusifu. Chini yake usaha ulikuwa unaingia mfupani. Tulimkimbiza hospitali alipoanza kuweweseka kwa homa, na hapo daktari hakuwa tena na cha kupaka.

Nina hasira na wewe na sitaki kuificha. Lakini kinachoniuma zaidi ni mama mwenyewe. Analala na ile chupa kando ya mto. Kila anayekuja kumpa pole anaonyeshwa: "Dawa ya Bujiku hii. Ingewahi kufika, ningekuwa natembea. Ile mashine ndiyo ilininyonya nguvu." Nikimjibu, ananigeuzia mgongo.

Sasa kisigino cha mguu uliobaki kimepasuka na kinatoa maji. Daktari Wilhelmina anasema tukiwahi, ile dawa ya damu yake inaweza kusaidia. Mama amekataa mpaka wewe useme. Mimi ninayemwosha na kumbeba si mtoto wa kusikilizwa.

Kwa hiyo sikuombi hela wala ng'ombe. Jumapili ijayo baada ya ibada nitakupigia, upokee. Nitaweka spika mbele ya mama na baba mdogo. Useme damu itolewe. Useme ile chupa itupwe, na kwamba ulikosea. Hilo la mwisho sitakusaidia kulisema.

Msalimie wifi Jenifer, na Faraja mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mungu awatunze wote huko porini, na wewe pia, ingawa leo naandika hivyo kwa shida.

Mama anakusalimia sana. Amenituma nikuombe chupa nyingine, maana hii imekaribia kuisha na kisigino kinamuuma.

Mdogo wako, ambaye bado anakupenda,
Nyanjige