Waliokaa Benchi Moja

Mama, shikamoo.

Huku Nachingwea jua ni kali, na kituo cha afya tunakofundisha wahudumu kompyuta kinanukia mabibo ya mikorosho yaliyoiva.

Juzi mzee mmoja kutoka Kiegei alikuja na uchovu usiokwisha. Nesi alipofungua majibu yake ya zamani, kompyuta ikatoa ujumbe: apimwe ini. Mzee akawaka. "Mimi swala tano! Hata pombe hii ya uraka wa mabibo sijawahi kuonja." Nikataka kuufuta ujumbe, nikidhani mashine imekosea. Nesi akanizuia, akamuuliza taratibu, "Babu, jandoni mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na kisu?"

"Kimoja."

Kipimo kilionyesha kirusi cha homa ya ini, kile kinachopita kwenye damu. Bahati nzuri ini lenyewe bado halijaharibika. Leo amerudi na wenzake wanne wa jando lile. Wamekaa kwenye benchi kwa mpangilio uleule walioingia nao jandoni, wanataniana.

Mama, Baba naye aliingia jando huku kusini. Atakwambia yeye hanywi. Mwambie hata hawa watano hawanywi.

Nawaletea korosho, ila akapime kwanza.

Mwanao akupendaye,
Zuhura