Ulisema Ni Deo

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinilea hivyo, si kwa sababu leo moyo wangu unataka.

Tulipomaliza mazishi, ukoo ulikaa sebuleni kwako kugawa ulichoacha. Baba mdogo akasimama, akasema gereji ni ya kaka Deo. "Marehemu alituambia mwenyewe. Tangu mgongo umshinde, Deo ndiye aliyekuwa akija kutoka kwake kuingia chini ya magari." Nilidhani nimesikia vibaya. Deo anauza magodoro Biharamulo, Baba. Hata spana hajui inavyoshikwa. Nilimtazama, naye akatazama viatu vyake. Nikasema, "Ni mimi niliyekuwa naingia." Shangazi akanivuta kitenge. "Mwanangu, usilete maneno kwenye msiba." Kimoyomoyo nikakutetea, nikajiambia Baba mdogo anakusingizia kwa kuwa huwezi tena kujibu.

Nilikutetea hadi Mzee Bukuru wa Mugoma alipokuja na pikapu yake ya dizeli, ile ya kubebea maharage. Funguo za gereji zilikuwa bado kwangu. Niliisikia tangu inapanda kilima, inalia chini kama debe lenye kokoto. Akashuka, nikamwamkia.

"Marahaba. Deo yupo?"

"Yuko Biharamulo, mzee."

"Basi nitamsubiri. Baba yako aliniambia hii gari asiiguse mwingine."

Nilimuuliza ulimwambia lini. Akacheka. Siku zote, akasema. Kila alipokuja kuchukua gari ulimwambia, "Deo ameshamaliza, ametoka kidogo."

Ametoka kidogo, Baba! Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nanawa grisi, kwa sababu ulikuwa umeniambia, "Leokadia, nenda kanawe, mteja anakuja." Nilidhani hutaki watu wamwone binti yako akiwa mchafu. Nilifurahi, unajua? Nilidhani ni mapenzi.

Nikamwambia mzee aketi, Deo haji. Nikainua gari kwa jeki, nikaliegemeza kwenye magogo, nikatandika gunia, nikaingia. Eksozi ilipopoa nikaigonga kwa ngumi kama ulivyonifundisha, kuanzia mbele kurudi nyuma, hadi nikafika panapolia: lile bati la kukinga joto juu ya eksozi. Kutu ilikuwa imekula tundu la bolti hadi kichwa chake kinapita. Nikakata washa pana, ile pete ya kukalia kichwa cha bolti, kwenye kipande cha chuma, nikatia bolti mpya, nikakaza. Nikagonga tena. Kimya. Hapo ndipo nilipolia, nimelala chali, machozi yananiingia masikioni.

Nilipotoka, Mzee Bukuru alikuwa amechuchumaa pembeni ya gurudumu. Kumbe alikuwa ananitazama muda wote. Akawasha gari, akasikiliza, akalizima.

"Miaka yote nilikuwa namshukuru Deo tukikutana kanisani Krismasi," akasema, "na yeye anaitikia."

Nilimpigia Deo simu. Hakukataa. "Baba ndiye aliniomba niitikie," akasema. "Aliogopa watu hawatamwachia binti magari yao." Nikamuuliza, na ndugu je? Baba mdogo ana gari gani? Sijui wewe ungejibu nini. Ya wateja naweza kuyaelewa, nikijilazimisha. Lakini ndugu zako, nyumbani kwako, wanakula chakula nilichowapikia mimi, na wewe unawasimulia kazi za Deo... Pale ulikuwa unaona aibu tu, Baba. Ulinionea aibu mimi.

Gereji Deo ameipangisha, siku hizi ni stoo ya saruji. Mimi niko Mugoma, kwenye uwanja wa ghala la Mzee Bukuru. Akija mwenye gari bovu, mzee ananionyesha kwa kidole, "Fundi wangu yule pale," hadi naona haya. Kazi ipo. Siku nyingine napata kitu kigumu, nageuka nikuulize, halafu nakumbuka kwamba umekufa. Halafu nakumbuka na lile lingine.

Sijakusamehe. Nimejaribu mbele ya kaburi lako, maneno hayakutoka. Majani yanapoota juu yake nakuja kupalilia. Napalilia kwa hasira, lakini napalilia.

Nakuahidi hivi: mtu akiniuliza nani alinifundisha kazi, nitakutaja wewe, jina lako lote, kwa sauti. Na akiniuliza kwa nini hakuwahi kusikia jina langu miaka yote hiyo, nitamwambia na hilo.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Leokadia