Nyuma ya Fomu ya Bwana Khalfan

Jumamosi, 3 Oktoba 1998

Karatasi za mahudhurio tayari kabla ya laasiri. Wastaafu wa jeshi tisa, sahihi tisa. Wa kwanza kufika Bwana Khalfan, kama kila siku. Anatoka Manah kwa pikapu yake na huku skulini kwetu Nizwa anamkuta bawabu hajafungua mlango. Kanzu imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Aliendesha malori ya jeshi la Omani miaka ishirini na mbili. Sasa jeshi linamsomesha. Kazi yangu, mie karani, kuiandikia ofisi yao kwamba mtu yupo na anasoma.

Ustadh Fathi, Mmisri anayewafundisha darasa la saba, kaniletea daftari la imla la Bwana Khalfan. Jeupe. Imla tatu, kurasa tatu, hata herufi moja hapana. Ustadh anasema ni kiburi cha kijeshi, mtu mzima hataki kusahihishwa.

Sikuridhika. Mwenye kiburi haji wa kwanza.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimepita dirishani kwao. Sikuwa na kazi huko, ni udadisi tu, Mwenyezi Mungu anisamehe. Somo lilikuwa la falaji, ile mifereji ya kale, vipi maji yanagawiwa mashambani. Ikafika zamu ya Bwana Khalfan. Kasimama, kashika kitabu kwa mikono miwili, kasoma kipande chote bila ya kukwama. Sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa chuo cha Kurani. Ni Mpemba, na Wapemba kwa kusoma hawana mchezo.

Basi anasoma. Kwa nini haandiki? Macho? Mkono?

Nimemweleza mke wangu Zuwena wakati wa chai. Kasema, "Si umuulize mwenyewe, Baba Rashid? Au siku hizi mshahara wako wa kuchungulia madirisha?"

Jumanne, 6 Oktoba

Nimemuuliza. Nimekosea. Nilimuuliza penye kahawa, mbele ya wenziwe.

"Bwana Khalfan, mkono unakuuma?"

"Mkono mzima, alhamdulillahi. Mkono huu umegeuza usukani wa lori la tani kumi."

Wenziwe wakacheka. Yeye hakucheka. Kakiacha kikombe kimejaa.

Nimeona haya mpaka nikashindwa kula.

Jumamosi, 10 Oktoba

Barua ya ofisi ya jeshi imefika. Ripoti za wastaafu zote ziwe kwao tarehe 31. Kila mtu fomu yake. Vijumba viwili, *anaendelea* na *haendelei*. Asiyeendelea huondolewa, na akishaondolewa nafasi hairudi tena maishani. Chini yake neno moja, *Nashuhudia*, kisha pahala pa sahihi yangu.

Ustadh kasema nitie *haendelei*, nimalize kazi. Haki yake, hana imla ya kusahihisha. Lakini lile neno *Nashuhudia* zito. Shahada si kitu cha kuandika huku unatafuta miwani.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimejua.

Nilipeleka boksi la chaki darasani. Nikapita nyuma, maana Bwana Khalfan hukaa kiti cha mwisho. Kasimama anasoma habari za mtende. Kila neno pahala pake. Nikatupa jicho kitabuni mwake. Picha ya ngamia. Wenziwe wote wamefungua picha ya mtende, yeye ngamia. Wenziwe walipogeuza ukurasa naye akageuza, akaangukia kwenye picha ya nyumba, na mtende ukaendelea vilevile kinywani mwake.

Kumbe anasoma kwa masikio. Ustadh husoma mara mbili, kisha wanafunzi mmoja mmoja. Mpaka ifike zamu ya kiti cha mwisho, mtu ameshahifadhi.

Nimetoka na boksi langu la chaki mkononi. Ustadh akanipigia kelele nirudi.

Jumatatu, 12 Oktoba

Siku nzima najiuliza nani kamtia darasa la saba mtu asiyejua kusoma. Nani kampima? Nimelitoa faili. Mkono wangu. Sahihi yangu.

Nakumbuka vizuri. Ilikuwa Septemba, siku ya kuandikisha. Utaratibu ni kumpa mtu kitabu cha kwanza, chenye picha ya bata, asome, kisha aandike sentensi mbili. Nikamtazama. Ndevu nyeupe, miaka hamsini na sita, kakaa wima kama yumo gwarideni. Nikaona haya kumpa bata. Nikautoa Msahafu rafuni, nikaufungua Surat Maryam, nikamwambia, "Tusomee, Bwana Khalfan, tupate baraka." Akasoma. Machozi yakanitoka. Nikaandika: *anasoma na kuandika vizuri*. Kuandika sikumpima hata nukta.

Mwalimu Mmisri hili asingelijua, wala Mjordani. Mie ni mtoto wa chuo. Tulikaa mkekani tukamfuata maalimu, juzuu baada ya juzuu, kwa sauti, kwa bakora. Macho kwenye kitabu, lakini kinachosoma ni sikio. Nawajua waliohitimu Msahafu mara mbili na barua ya posta wakaenda kusomewa.

Nilitaka kumheshimu. Nimemharibia.

Jumatano, 14 Oktoba

Naogopa. Nikisema, nimekiri kwamba nilishuhudia nisilolijua. Mie mwenyewe nimeishia darasa la nane, Unguja, na Kiarabu cha ofisi nimekiokota njiani. Mudir, mkuu wetu wa skuli, atasema alete karani aliyesoma.

Nisiposema, Bwana Khalfan anaondolewa kwa kosa langu.

Nimeswali istikhara, kuomba kuonyeshwa njia. Woga haujatoka, ila njia naiona.

Ijumaa, 16 Oktoba

Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda Manah. Zuwena kanipa mkate wa kumimina kwenye sahani yake ya maua, mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu.

Nimemkuta shambani anakata majani ya mbuzi. Tukaingia ndani, tukanywa kahawa. Nikamwambia yote, mtende, ngamia, bata. Kaweka kikombe chini.

"Umejua lini?"

"Jumapili."

"Mie nilijua tokea siku ile ya kuandikisha. Nilikuwa nangoja uniambie niandike, nikwambie sijui. Hukuniambia. Ukalia, ukanisifu. Ningekukataliaje sifa na Msahafu uko mkononi?"

Kisha kasema jambo ambalo sitalisahau. Jeshini kila siku alitia sahihi karatasi. Za mafuta, za magurudumu, za safari. Miaka ishirini na mbili, na hata moja hajui ilisema nini. Wenziwe walimwonyesha pa kutia kalamu. Na tokea mdogo anasoma Maryam kwenye khitma za watu, anawaliza, naye hajui wanalia nini. "Nilitaka nijue nnachokisoma kabla sijafa. Basi."

Nikamwambia lipo darasa la kwanza, la kufuta ujinga, aanze huko. Akauliza nani yumo. Nikamtaja Hamed. Uso ukabadilika.

"Hamed? Utingo wangu? Mtu niliyemwambia shuka panda miaka kumi? Nikakae naye nikasome alifu?" Akainuka. "Andika nimeshindwa, Bwana Suleiman. Niachie heshima yangu."

Mkewe kanirudishia sahani barabarani. Imeoshwa, imekaushwa, tupu.

Zuwena kaipokea, kaigeuza juu chini. Si Unguja, si Pemba, si Omani, pahala pote sahani ya mtu hairudi tupu, hata iwe na ndimu mbili. Kasema, "Lo. Kakasirika kweli."

Jumatano, 21 Oktoba

Hajaja tokea Jumamosi. Safu yake kwenye karatasi ya mahudhurio ni nyeupe, kama lile daftari.

Bawabu ananiuliza Mpemba wake yuko wapi.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimekaa na fomu yake mbele yangu. Kalamu nimeishika. Imenianguka, nikainama kuiokota, na fomu nayo ikaanguka, kifudifudi.

Nyuma pana maandishi. Madogo, mengi.

Fomu hii nimeijaza miaka mitatu. Karani aliyenitangulia aliniachia mfano, nami nikawa nanakili, jina hapa, tarehe hapa, sahihi hapa. Nyuma sikupata kugeuza. Leo nimesoma kwa kidole kama mtoto. Maneno mawili yamenishinda, nimemwendea Ustadh. Saa nzima imepita.

Limeandikwa wazi. Ikiwa mtu amewekwa daraja isiyo yake, karani anaweza kuisahihisha kabla ya siku ya ripoti, kwa maelezo ya mwalimu na sahihi ya mwanafunzi mwenyewe. Nafasi yake haipotei.

Miaka mitatu. Na mwaka jana nilimtilia mzee mmoja wa Al Hamra *haendelei*. Huyo naye nilimpima kwa Msahafu.

Astaghfirullah. Sina neno jengine.

Jumapili, 25 Oktoba

Nimekwenda kwa Mudir. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema nitapewa barua ya onyo, itakaa kwenye faili langu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Kazi sijapoteza.

Ustadh Fathi kashika kichwa. "Yaani kitabu changu chote kakihifadhi kwa kusikia? Nami namwita mwenye kiburi?" Kaandika maelezo yake papo hapo, na kasema darasa la kwanza atalifundisha yeye mwenyewe siku mbili kwa wiki.

Imebaki sahihi ya Bwana Khalfan.

Jumatatu, 26 Oktoba

Manah tena. Safari hii bila ya mkate, Zuwena kasema sahani zake zimetosha kuadhirika.

Sikumwaidhi. Nimemsimulia fomu ilivyoanguka. Nimemwambia, miaka mitatu natia sahihi na nyuma yake sikujua pamesema nini. Nilionyeshwa pa kutia kalamu, nikatia.

Kanitazama. "Wewe karani?"

"Mie karani."

Akaanza kucheka. Kacheka mpaka akakohoa, mkewe akaleta maji. "Bwana Suleiman, ungekuwa jeshini ungepewa lori!"

Lakini hakutia sahihi. Kasema nimwachie aifikirie. Nimemwachia fomu yenyewe, na nyingine sina. Zuwena kaniambia nimerukwa na akili.

Jumatano, 28 Oktoba

Hakuja. Kesho na keshokutwa, Alhamisi na Ijumaa, mapumziko ya wiki. Jumamosi saa kumi dereva anachukua bahasha kwenda Maskati.

Nafunga Sunna kesho. Sijui la kufanya jengine.

Jumamosi, 31 Oktoba

Nimefika saa nane. Pikapu ilikuwa mlangoni, na bawabu anacheka meno yote nje.

Fomu anayo, kaikunja ndani ya gazeti isichafuke. Nikampa kalamu. Hakuipokea.

"Kwanza nisomee. Yote. Mbele na nyuma. Mie karatasi nisiyoijua sitii sahihi tena."

Nimemsomea. Kila mstari kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili. Nilipofika *mwanafunzi hajui kusoma wala kuandika*, nikasita. Kasema, "Endelea, si kweli hiyo?" Pahala pamoja nilikwama, naye akanisubiri, mikono magotini. Kisha akaivuta fomu, akatia ile sahihi yake ya jeshini, nami nikatia yangu chini ya *Nashuhudia*. Safari hii nilikijua ninachokishuhudia.

Dereva kaichukua saa kumi na dakika tano. Alhamdulillahi rabbil alamin.

Nimempeleka mwenyewe darasa la kwanza. Hamed kamuona, kasimama, kampisha kiti cha mbele. "Karibu, Bwana Khalfan. Leo utingo ndiye anayeijua njia."

Darasa zima likangoja. Bwana Khalfan akakaa. "Basi niambie wapi pa kukata kona," akasema, akatoa kalamu zake zote mbili.

Jumatano, 11 Novemba

Mvua kidogo asubuhi, udongo unanukia.

Bwana Khalfan kaniletea tende kwenye kikapu, kifuniko cha kitambaa. Kasema ni za ile sahani, mkewe hajatulia tokea siku ile. Zuwena kazipokea kwa mikono miwili, kisha kanifinya.

Nimeliona daftari lake. Bata. Bata. Bata. Mstari wa tano umekwenda kombo, kaurudia.

Kabla ya kuondoka kaniuliza neno moja la Surat Maryam, maana yake nini. Nimelisoma maisha yangu yote. Sikulijua. Tumeliandika kwenye kikaratasi, kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa, tumuulize Ustadh Jumamosi.

Kesho nakwenda Al Hamra kumtafuta yule mzee wa mwaka jana. Sijui kama ofisi itamkubali tena. Nimechukua kitabu cha bata mkobani, na Zuwena ameshakanda unga wa mkate.