Kamba kati yangu na mama mukwe

Siku ya ine, Lushebere. Mvua toka asubui, matope mu kambi yote. Jana tulirudi kutoka Goma. Mugongo inaniuma. Roho iko muzuri.

Ni juu ya mama ya bibi yangu. Vita ilitutosha kwetu Muheto, na huku kambini kiharusi kikamupiga. Mukono ya kuume ikakufa. Bibi yangu alishakufa, ndugu zake bote vita ilibatawanya.

Nabakia mimi tu, mulima mashamba ya batu.

Kine wa Goma, ule anafundishaka viungo ya bagonjwa, alisema mukono ifanye kazi kila siku. Lakini kwetu mukwe hagusi mama ya bibi yake. Hata kumuangalia mu macho ni haya.

Nikatafuta akili. Niko na kamba ya ng'ombe, toka nilichunga Kirolirwe. Mama anashika huku na mukono mugonjwa, mimi kule. Anavuta, navuta. Jirani anacheka: "Papa, unamupeleka soko?"

Jana kule Goma, roboti ya kupima nguvu ikashika mukono yake. Chuma, bila haya. Nilisikia wivu, nasema kweli. Akafunga ngumi, mustari ya nguvu ku kioo ya roboti ukapanda sana. Kine akapiga mikono. Kisha akamuambia afungue vidole.

Mustari ukalala chini.

"Mulimufundisha nini?"

"Kuvuta."

"Njo maana. Mukono inajua kushika tu. Muntu amufungue vidole na mikono yake, polepole, kila siku. Kama hapana, itabakia ngumi."

Nikaangalia chini. Mama pia.

Leo asubui aliniita. Nikakuta amejifunika kitenge ku uso. Mukono tu njo ilikuwa inje.

"Mukwe, fungua basi. Ile chuma ilinishika, haikuleta hata mbuzi. Wewe ulileta ng'ombe ya mahari."

Nilicheka. Kitenge nayo ikatetemeka.

Nikafungua kidole moja, nyingine. Kidole gumba iko fupi, pana. Ya bibi yangu kabisa. Miaka yote nilikuwa naangalia chini, sikujua.

Nilikaa nayo mu mukono kidogo. Mama hakuivuta.

Matope ikikauka, barabara ikifunguka tena, tutarudi Goma, roboti ione kama mukono inafunguka. Lakini mikono yangu iko na sugu ya jembe, pengine inamuumiza na hasemi.

Kesho nitapaka mafuta kwanza.